Kutengeneza tosta ya mkate iliyoharibika nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tosta ya mkate ni miongoni mwa vyombo vya umeme vyenye muundo rahisi kabisa jikoni, na kwa sababu hiyo huwa ninasikitika ninapoiona imetupwa jalalani ilhali kasoro yake ilikuwa ni waya uliokatika karibu na plagi, au makombo yaliyojikusanya chini ya kibebeo cha mkate. Majibu yafuatayo yanahusu tosta ya kawaida ya slesi mbili au nne, ile inayoshushwa kwa kishikio cha pembeni na kuurusha mkate juu ukishaiva, inayotumia umeme wa volti 230 kama ilivyo Tanzania au volti 240 kama ilivyo Kenya. Kwa sehemu kubwa yanafuata njia ambayo umeme wenyewe huipita, kuanzia ukutani hadi kwenye koili, ule waya wa ndani unaowaka mwekundu, kwa kuwa ndiyo njia inayomfaa mtu asiyetaka kubahatisha.

Je, ni salama kwa mtu asiye fundi kufungua tosta?

Ni salama, mradi plagi imechomolewa kabisa kutoka ukutani na umeiweka mahali unapoiona kwa macho muda wote unaofanya kazi. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi. Baadhi ya soketi katika nyumba zetu zimeunganishwa na watu waliobadilisha nafasi ya waya wa moto, unaoleta umeme, na ule wa nyutro, unaourudisha, na katika hali hiyo swichi hukata upande usio na hatari huku koili ikibaki na umeme, ingawa haiwaki na inaonekana imelala. Tosta iliyochomolewa, tofauti na oveni ya maikrowevu, haina kifaa kinachohifadhi umeme wa kutosha kukudhuru. Ukishaichomoa na kuiacha ipoe kwa nusu saa, kilichobaki ni mabati, springi na waya.

Hatari ya pili huja baadaye, pale tosta inaporudishwa ikiwa na waya uliofungwa vibaya au waya wa ardhi, ule unaomkinga anayegusa mwili wa chuma, ulioachwa ukining'inia. Kwa hiyo kama huna subira ya kupima kabla ya kuchomeka, ni afadhali usiifungue.

Tosta inafanyaje kazi, na kwa nini nahitaji kujua hilo kabla ya kuitengeneza?

Unahitaji kujua kwa sababu dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vinne, na asiyejua mpangilio wa ndani hubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine bila mafanikio.

Ndani ya tosta kuna bapa kadhaa za ulanga, lile jiwe jepesi linalobanduka kama karatasi na lisiloungua wala kupitisha umeme. Juu ya kila bapa umezungushwa utepe mwembamba au waya wa nikromu, ambayo ni mchanganyiko wa nikeli na kromiamu. Mmarekani Albert Marsh alipata hataza ya mchanganyiko huo mwaka 1906, na kabla yake hapakuwa na waya wa bei nafuu ulioweza kuwaka mwekundu maelfu ya mara bila kuoza kwa hewa. Huo waya ndio ambao mafundi wetu huuita koili.

Unaposhusha kishikio, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kibebeo cha mkate hubonyeza ndimi mbili au zaidi za shaba, ambazo ndizo swichi kuu, na umeme huanza kupita kwenye koili. Wakati huohuo sehemu ndogo ya umeme huo hupelekwa kwenye ubao mdogo wa saketi, nao ubao huwasha sumaku ya umeme inayokishika kibebeo kisipande. Ubao huhesabu muda kulingana na namba uliyoichagua. Muda ukiisha hukata umeme wa sumaku, springi huvuta kibebeo juu, ndimi huachana na koili hupoa. Katika tosta za zamani kazi ya kuhesabu muda hufanywa na kipande cha metali mbili zilizogandishwa pamoja ambacho hujipinda kwa joto.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba katika tosta zenye ubao na sumaku, kishikio hushikwa na umeme. Tosta ya namna hiyo isiyochomekwa haiwezi kukishika kishikio chini, na watu wengi huidhani mbovu tosta isiyo na kasoro, au huhangaika na springi, wakati umeme wenyewe haujafika.

Nahitaji vifaa gani?

Bisibisi ya nyota na ya bapa, koleo yenye ncha nyembamba, brashi laini ya rangi isiyotumika, spiriti kidogo, na maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Maltimita ya bei ya chini kabisa inatosha, kwa sababu tutapima ukinzani (jinsi waya unavyouzuia umeme, unaohesabiwa kwa omu) na muunganiko (kama njia ya umeme haijakatika) tu, tena tosta ikiwa imechomolewa. Testa ya bisibisi yenye taa ndogo haiwezi kuchukua nafasi yake, kwani inaonyesha kuwapo kwa umeme na haikuambii waya umekatikia wapi. Baadhi ya viwanda hufunga skrubu zenye kichwa cha pembetatu au cha mabawa matatu ili mnunuzi asizifungue. Kwa hizo utahitaji vichwa maalumu vya bisibisi, ambavyo huuzwa kwa seti katika maduka ya vifaa vya simu.

Kishikio hakikai chini. Tatizo ni nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake huanzia kwenye jaribio la nusu dakika. Chomeka tosta tupu, shusha kishikio na ukishikilie kwa kidole huku ukitazama ndani kutoka juu, bila kuingiza chochote.

Ikiwa koili hazionyeshi dalili ya kuwaka, umeme haufiki. Chomoa, kisha uanze kuchunguza soketi, fyuzi, waya na ndimi za swichi kwa utaratibu ulioelezwa katika jibu linalofuata. Ikiwa koili zinawaka vizuri maadamu umekishika kishikio, lakini ukikiachia kinaruka, basi njia kuu ya umeme ni nzima na tatizo lipo kwenye sumaku au ubao wake. Na ikiwa baadhi ya koili zinawaka na nyingine hazijawaka, usiukimbilie ubao, kwa sababu katika tosta nyingi ubao huchukua umeme wake kutoka kwenye sehemu ya koili. Koili hiyo ikikatika, sumaku nayo hukosa nguvu ingawa haina kosa lolote.

Kabla ya kuulaumu ubao, tazama uso wa sumaku. Ni kipande cha chuma kilichozungushiwa waya mwembamba, nacho hukutana na kibati kidogo kilichofungwa kwenye kibebeo. Nyuso hizo mbili lazima zigusane bapa kwa bapa. Kombo moja la mkate lenye unene wa ukucha, au tabaka la kutu la hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Unguja, linatosha kuacha mwanya ambao sumaku hiyo ndogo haiwezi kuushinda. Niliwahi kutumia jioni mbili nzima nikipima kila kipande cha ubao wa saketi wa tosta ya nyumbani kwetu, na mwishowe nikaondoa ganda la mkate lililokuwa limeungua na kugandamana juu ya sumaku; tosta ikafanya kazi palepale. Tangu siku hiyo naanza na brashi. Futa nyuso zote mbili kwa kitambaa chenye spiriti, na kama kuna kutu, ipitishie msasa laini sana, kwa mkono mwepesi.

Iwapo nyuso ni safi na bado sumaku haishiki, chunguza kapasita za ubao, vile vipande vidogo vinavyohifadhi umeme kidogo. Kapasita iliyovimba kichwani au iliyovuja ugiligili hubadilishwa na nyingine yenye thamani ileile ya mikrofaradi, yenye volti sawa au zaidi, na iliyoandikwa kuwa inastahimili nyuzi 105 za Selsiasi, kwa sababu ndani ya tosta kuna joto na ile ya nyuzi 85 haitadumu. Zingatia upande wa hasi uliochorwa mstari. Kama hujawahi kushika chuma cha kulehemu, kazi hii mpelekee fundi wa redio. Ni ya dakika chache kwake.

Nawezaje kuchunguza soketi, plagi na waya?

Chomeka chombo kingine unachojua ni kizima katika soketi ileile. Jambo hili linaonekana dogo mno kiasi cha kutostahili kuandikwa, lakini limewaokoa watu wengi safari ya kwenda kwa fundi.

Plagi ya pini tatu za bapa inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda ina fyuzi ndani yake. Itoe na uipime kwa maltimita. Ikiwa nzima, ukinzani wake utakuwa karibu na sifuri. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa na fyuzi, si kwa karatasi ya sigara wala kwa kipande cha waya, kwa kuwa waya huo utapitisha hata umeme mwingi utakaoyeyusha kamba ya tosta na kuwasha meza. Tosta ya wati 800 kwa volti 230 huvuta takribani ampia 3.5, hivyo fyuzi ya ampia 3 ni ndogo kwake na huweza kuungua bila kuwapo hitilafu yoyote. Ikiungua fyuzi ya ampia 13 tena na tena, ndani kuna shoti, na kuweka nyingine ni kuahirisha tu balaa.

Kisha njoo kwenye waya. Waya wa tosta hukatikia sehemu mbili, pale unapoingia kwenye plagi na pale unapoingia kwenye tosta, kwa sababu ndipo unapopindwa kila siku, na zaidi katika nyumba ambazo tosta huwekwa kabatini ikiwa imezungushiwa waya wake. Pima kila uzi kutoka pini ya plagi hadi mwisho wake ndani ya tosta, na huku ukipima pindapinda waya polepole. Kipimo kikicheza, umekwisha kupapata. Ukikatikia karibu na plagi, kata sehemu yote mbovu na ufunge plagi mpya: uzi wa kahawia kwenye alama L yenye fyuzi, wa bluu kwenye N, na wa kijani na njano kwenye pini ndefu ya ardhi. Uzi wa ardhi uache uwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili waya ukivutwa kwa nguvu uwe wa mwisho kuchomoka. Ikiwa plagi ya zamani ni ile isiyofunguka, iliyofinyangwa pamoja na waya, iharibu pini zake kabla ya kuitupa, kwa maana mtoto akiiokota na kuichomeka atakuwa ameshika nyaya tupu zenye umeme.

Naifunguaje bila kuivunja?

Toa kwanza trei ya makombo, kisha geuza tosta juu ya gazeti na uipigepige taratibu. Kitufe cha kuchagulia muda na cha kishikio kwa kawaida huchomolewa kwa kuvutwa moja kwa moja. Skrubu huwa chini, nyingine zikiwa zimefichwa ndani ya miguu ya mpira, na kifuniko cha plastiki huwa kimeshikwa pia na vidoleo ambavyo huachia kwa kusukumwa na bisibisi ya bapa pole pole. Piga picha kwa simu katika kila hatua, hasa unapoona rangi za waya na mahali unapopita kila mmoja, kwani waya ukirudishwa karibu na koili utaungua siku ya kwanza. Usizishike bapa za ulanga kwa nguvu, kwani zinavunjika kama biskuti.

Ndimi za swichi zinasafishwaje?

Kila mara ndimi zinapokutana na kuachana, cheche ndogo huruka na kuacha weusi juu ya shaba. Baada ya miaka, weusi huo huwa ukuta. Chukua ukanda wa karatasi ngumu uliolowanishwa kwa spiriti, upitishe katikati ya ndimi, zibane kidogo na uvute; rudia mpaka karatasi itoke safi. Msasa mkali hauifai kazi hii, kwa sababu huondoa ile tabaka ngumu iliyopakwa kwenye ncha na kuziacha zikiharibika haraka zaidi. Ikiwa ulimi mmoja umelegea na haukutani na mwenzake kishikio kikiwa chini, upinde kidogo kwa koleo. Ncha zilizoyeyuka na kugandana ni jambo zito zaidi: swichi ya namna hiyo haitakata umeme hata kibebeo kikipanda, na tosta haipaswi kutumika mpaka swichi nzima ibadilishwe.

Upande mmoja wa mkate unabaki mweupe. Je, koili imekufa?

Huenda, lakini kumbuka kwanza kwamba baadhi ya tosta zina kitufe cha kubanika upande mmoja tu, na zile za slesi nne mara nyingi ni tosta mbili katika kasha moja, kila moja na kishikio chake.

Ukiwa umefungua, fuatilia utepe wa nikromu kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho ukitumia tochi. Kukatika mara nyingi huonekana wazi, na mara nyingi zaidi huwa mwishoni, pale utepe ulipobanwa na ribiti dhidi ya waya mnene. Usipoona, pima. Ukinzani hupatikana kwa kuzidisha volti kwa volti na kugawanya kwa wati zilizoandikwa chini ya tosta: kwa tosta ya wati 800 ya volti 230 ni kama omu 66. Weka ncha za maltimita kwenye pini mbili za umeme za plagi huku kishikio kikiwa kimeshushwa. Ukipata namba iliyo karibu na hiyo, koili zote ni nzima. Ukipata namba kubwa zaidi kwa mbali, koili mojawapo imekatika. Usipopata kipimo chochote, njia nzima imekatwa, na lazima upime kila koili peke yake.

Mahali palipokatika panaweza kuunganishwa kwa kupishanisha ncha mbili zilizosafishwa na kuzibana kwa nguvu ndani ya kimrija kidogo cha chuma, au kwa skrubu ndogo yenye washa mbili za chuma kisichoshika kutu. Mtazamo wangu ni kwamba ukarabati huu una maana pale tu utepe ulipokatikia kwenye ribiti. Utepe uliokatikia katikati umekwisha kuchoka, umekuwa mkavu kama jani la mnazi la kiangazi, na ukiuunga leo utakatika kando ya kiungo kesho kutwa, pengine ukiangukia kwenye bati. Njia bora zaidi ni kuhamisha bapa nzima kutoka kwenye tosta nyingine iliyokufa ya chapa na wati zilezile.

Je, naweza kuunga koili kwa risasi ya kulehemu?

Hapana. Risasi ya kawaida ya kulehemu huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, ilhali koili inayong'aa kwa wekundu hupita nyuzi 600. Kiungo kitadondoka kabla slesi ya kwanza haijageuka rangi.

Mkate unaungua na kibebeo hakipandi. Nifanye nini?

Chomoa mara moja, na usiingize kisu wala uma hata ukiwa na haraka kiasi gani. Mkate ukishika moto ndani, uache humohumo tosta ikiwa imechomolewa, na uondoe mapazia na karatasi zilizo karibu; moto wa slesi mbili hukosa chakula upesi. Usimwagie maji chombo ambacho huna hakika kimetengana na umeme.

Baada ya kupoa, tafuta sababu. Mara nyingi ni ya kimakanika: reli kinamopanda kibebeo imepinda, springi imechomoka, au slesi nene ya mkate wa kukatwa nyumbani imekwama kwenye vyuma vya pembeni. Hayo hunyooshwa kwa koleo. Sababu ya pili ni kitufe cha muda kilichochakaa ndani, ambacho kipimo chake huruka kutoka muda mfupi hadi mrefu bila kupitia katikati. Sababu ya tatu, nayo ndiyo ya kuogopwa, ni transista ya ubao, ile swichi ndogo ya kielektroniki, iliyopiga shoti na hivyo kuishikilia sumaku daima. Tosta yenye kasoro hiyo haina kikomo cha muda, na hakuna kuitumia kwa kuisimamia; watu husimama, kisha mtoto huita kutoka chumbani.

Mkate unatoka mweupe ingawa nimeweka namba kubwa. Kipi kimeharibika?

Pengine hakuna. Ubao huhesabu sekunde bila kujua joto la koili, na joto hilo hutegemea volti kwa namna inayoshangaza wengi: nguvu hushuka kwa mraba wa volti. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, kama inavyotokea jioni katika mitaa iliyo mbali na transfoma, tosta ya wati 800 hubaki na wati zisizofika 500. Jaribu tena asubuhi mapema kabla ya kufungua chochote.

Nikigusa mwili wa tosta napigwa shoti. Je, nitumie kandambili na kuendelea?

Usiendelee hata mara moja. Mwili wa chuma unapokuwa na umeme, maana yake mambo mawili yameharibika kwa pamoja: waya wa moto au koili imegusa bati, na waya wa ardhi haufanyi kazi yake ya kuchukua umeme huo na kuunguza fyuzi.

Pima kati ya pini ndefu ya plagi na sehemu ya mwili isiyopakwa rangi. Kipimo kinapaswa kuwa chini ya omu moja. Kisha pima kati ya kila pini ya umeme na mwili, kishikio kikiwa juu na kikiwa chini. Hapo hapapaswi kuwa na kipimo chochote. Ukikipata, tafuta utepe wa koili uliolegea, makombo yaliyoungua na kuwa makaa, au waya ulioyeyuka ganda lake. Waya wa ndani ubadilishwe kwa waya wenye ganda la silikoni au soksi ya nyuzi za kioo. Waya wa kawaida wa nyumba wenye ganda la plastiki hulainika kwenye nyuzi 70 hivi, na tepu nyeusi ya umeme nayo haifai kwa joto la ndani ya tosta.

Hapa sina budi kusema juu ya desturi moja iliyoenea. Tosta nyingi zilizotumika kutoka Ulaya huja na plagi ya pini mbili za mviringo, na watu huzichomeka kwenye soketi zetu kwa kusukuma kalamu au kijiti katika tundu la ardhi ili vifuniko vya ndani vifunguke. Tosta huwaka, lakini haina ardhi kabisa, na siku koili itakapogusa bati hakuna kitakachomkinga anayeishika. Kata plagi hiyo na ufunge ya pini tatu, ukiunganisha waya wa kijani na njano ipasavyo.

Mende wamejaa ndani. Je, naweza kuiosha?

Usiioshe kwa maji wala kuipulizia dawa ya wadudu, kwani dawa nyingi za kupuliza zina mafuta yanayoshika moto na masalia yake yatapanda kwenye mkate. Fungua, toa makombo na mayai kwa brashi, futa ubao wa saketi kwa spiriti, kisha uiache wazi juani siku nzima. Kinyesi cha mende hula shaba ya ubao na huleta hitilafu zisizoeleweka, zile za tosta inayofanya kazi leo na kugoma kesho. Trei ikimwagwa kila wiki hawatakuwa na sababu ya kurudi.

Fundi amesema ameipiga dairekti na sasa inawaka. Je, niichukue?

Muulize amekata nini. Kupiga dairekti humaanisha kuunganisha umeme moja kwa moja na koili kwa kuruka swichi, ubao, au kile kifyuzi cha joto ambacho tosta nyingine huwekewa ili kikatike joto likizidi. Tosta ya namna hiyo huwaka mara tu inapochomekwa na haizimi mpaka ichomolewe. Mwombe aurudishe ubao na swichi katika njia yake, au akurudishie tosta na vipande vyake vyote. Fundi mwaminifu hatachukia ombi hilo, na hapaswi kuchukia.

Nimeletewa tosta kutoka ng'ambo. Itafanya kazi huku?

Kutoka Omani, Dubai au Uingereza, ndiyo, kwani volti zao ni sawa na zetu na plagi ni ileile. Kutoka Marekani, hapana. Tosta ya wati 800 iliyoundwa kwa volti 120 ina ukinzani wa omu 18 tu. Ukiichomeka kwenye volti 230 itavuta karibu wati 2,900, na utepe wake utakatika kwa sekunde chache, pengine pamoja na moto. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye wati zaidi ya zile za tosta, na transfoma ya uwezo huo ni nzito na ya gharama kiasi kwamba sioni faida yake kwa ajili ya slesi mbili za mkate.

Nimemaliza. Naijaribuje kabla ya familia kuitumia?

Tikisa tosta karibu na sikio. Skrubu iliyosahaulika ndani itajitangaza. Rudia vipimo vitatu tosta ikiwa imefungwa kabisa na imechomolewa: ukinzani wa koili kishikio kikiwa chini, ardhi hadi kwenye mwili, na pini za umeme hadi kwenye mwili. Vikikubali, iweke juu ya sakafu ya saruji mbali na ukuta, chomeka soketi ikiwa imezimwa, shusha kishikio kwa kijiti kikavu cha mbao, kisha washa soketi. Kishikio kikipanda tena kabla hujawasha, washa kwanza kisha ukishushe kwa kijiti hichohicho. Iache izunguke mara mbili bila mkate. Moshi mwembamba wa mafuta ya vidole na vumbi katika mzunguko wa kwanza ni wa kawaida, lakini harufu ya plastiki inayoungua si ya kawaida, na ukiisikia chomoa na urudi ndani kutafuta waya uliolala karibu na koili. Katika mzunguko wa pili pima muda kwa saa ya simu: kwenye namba ya katikati kibebeo kinapaswa kupanda chenyewe kati ya dakika mbili na tatu hivi. Kikipanda, zima soketi, kisha iwashe tena kwa muda mfupi huku ukigusa mwili kwa testa, na taa ya testa isipowaka, weka slesi.